Shule ya jirani ikifungwa Phoenix: akaunti ya ESA, hesabu yake na mitego yake

Desemba 2024 bodi ya wilaya ya shule ya Roosevelt, kusini mwa Phoenix, ilipiga kura kufunga shule tano. Si wilaya pekee ya Arizona iliyofika hapo, na sababu zinafanana: watoto wanaozaliwa wamepungua, kodi za nyumba zimewasukuma wazazi vijana pembezoni mwa mji, na wanafunzi waliobaki wanagombaniwa na shule za wilaya, shule za chata (za umma, lakini zinaendeshwa na mashirika au kampuni) na shule binafsi. Fedha za serikali huhesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi. Darasa likipungua, taa, basi na mlinzi vinabaki kulipwa kama zamani.

Barua ya kufungwa ikifika, haipiti wiki kabla jirani hajakwambia: "Chukua ESA, serikali itakulipia shule binafsi." ESA ni akaunti ya fedha za jimbo kwa elimu ya mtoto. Ushauri huo ni wa kweli nusu. Fedha zipo, na tangu 2022 karibu kila mtoto wa Arizona anastahili kuziomba. Lakini zinakuja na mkataba, na kwa mkataba huo mzazi anaifungua serikali kutoka kwenye wajibu ambao leo inautekeleza bila yeye kuuona: basi, chakula, mwalimu wa Kiingereza kwa mgeni wa lugha, huduma za mtoto mwenye ulemavu. Mwongozo huu ni kwa familia za Waswahili wa Phoenix na Tucson, hasa waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi, ambao barua hizo huwafikia kwa Kiingereza na mara nyingi husomwa na mtoto wa darasa la sita.

Kwanza, imefungwa kwa muda au moja kwa moja?

Aprili 2018 walimu wa Arizona waligoma, na shule nyingi zikafungwa kwa siku kadhaa hadi mwanzoni mwa Mei. Mwaka 2020 corona ilizifunga kwa miezi. Kufungwa kwa namna hiyo hakumfanyi mtoto apoteze nafasi yake shuleni, na ESA si dawa yake: ukisaini, umemwondoa mtoto kwenye shule ya umma, na mgomo ukiisha wenzake wanarudi darasani yeye yuko nje. Kwa kufungwa kwa muda, shughulikia malezi ya mchana na chakula, basi.

Kufungwa kwa kudumu ni jambo lingine, na kuna utaratibu wake. Kabla bodi haijapiga kura ya kufunga shule, sheria ya Arizona inaitaka ijaribu kuziarifu familia za watoto wa shule hiyo angalau siku kumi kabla ya mkutano wa hadhara. Barua hiyo ikija, usiitupe hata kama huielewi. Piga simu ofisi ya shule useme neno moja tu la Kiingereza ukihitaji, "Swahili" au "Kirundi". Wilaya inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila malipo, na mkalimani asiwe mwanao. Kwenye mkutano uliza mambo manne, na uombe majibu kwa maandishi: mtoto wangu amepangiwa shule ipi, basi litasimama wapi, mpango wake wa elimu maalumu unahamia vipi, na mwisho wa kuchagua shule nyingine ndani ya wilaya ni lini. La mwisho ndilo linalowaponyoka wengi. Dirisha la kuchagua hufungwa miezi kabla ya Agosti, na anayekuja Julai anakuta nafasi za shule nzuri zimekwisha.

Tafuta kiti cha bure kabla ya kutafuta fedha

Familia nyingi huruka hatua hii kwa kudhani shule ikifungwa kinachobaki ni ama ile waliyopangiwa ama shule binafsi. Katikati hapo pana njia mbili zisizo na ada.

Ya kwanza ni uandikishaji huria. Katika Arizona mtoto anaweza kuomba shule yoyote ya umma, ndani ya wilaya yake au nje, bila kulipa ada. Kila wilaya lazima iwe na sera yake na iitangaze. Shule inaweza kukataa ikiwa imejaa, au ikiwa mtoto amefukuzwa kwingine. Kasoro kubwa ya njia hii ni usafiri: wilaya ya mbali inaweza kumpa mtoto wa nje basi, lakini kwa kawaida hailazimiki. Uliza pia kama wanaotoka shule inayofungwa wanapewa kipaumbele, kwa sababu sera hutofautiana.

Ya pili ni shule ya chata. Hapa pana mkanganyiko unaoleta hasara kila mwaka: chata ni shule ya umma. Inaendeshwa na kampuni au shirika lililopewa kibali, lakini inalipwa na serikali na haitozi ada. Waombaji wakizidi nafasi, hugawiwa kwa bahati nasibu. Kwa kuwa ni ya umma, huwezi kupeleka ESA huko, wala huhitaji. Hali ni hiyohiyo kwa shule za mtandaoni za umma, zile zinazoitwa AOI. Mzazi anasaini ESA, kisha anaona tangazo la "shule ya bure ya mtandaoni", anamwandikisha mtoto ili asikae bure. Jina la mtoto linaonekana mara mbili kwenye mfumo wa jimbo, akaunti inasimamishwa, na mzazi anadaiwa fedha alizokwisha kutumia.

Familia isiyo na makazi ya kudumu, pamoja na wanaoishi kwa ndugu baada ya kushindwa kodi, ina haki zaidi chini ya sheria ya McKinney-Vento: mtoto huandikishwa mara moja hata kama karatasi hazijakamilika, na husaidiwa usafiri. Kila wilaya ina mtu maalumu wa kazi hiyo. Na kwa mtoto yeyote, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler, kwamba shule ya umma haiwezi kumkataa kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji.

ESA ni nini hasa

Jina lake kamili ni Empowerment Scholarship Account, kwa kifupi ESA: ni akaunti ambayo jimbo linaijaza fedha za elimu ya mtoto mmoja na mzazi anazielekeza. Ilianza 2011 kwa watoto wenye ulemavu. Julai 2022 Gavana Doug Ducey alisaini sheria iliyoifungua kwa watoto wote, na ikaanza kutumika Septemba mwaka huo. Inasimamiwa na Idara ya Elimu ya Arizona, inayoitwa kwa kifupi ADE.

Kiasi chake ni asilimia 90 ya kile ambacho jimbo lingeilipa shule ya chata kwa mtoto huyo. Kwa mtoto asiye na ulemavu, darasa la kwanza na kuendelea, hiyo huangukia takribani dola 7,000 hadi 8,000 kwa mwaka. Wa chekechea hupata kiasi kama nusu yake, kwa kuwa serikali humhesabu kama mwanafunzi wa nusu siku. Mtoto mwenye ulemavu hupata zaidi kulingana na aina ya ulemavu, na kwa usonji inaweza kupita dola 30,000. Kipato cha familia hakiangaliwi.

Fedha haziji kwa mkupuo. Mwaka umegawanywa robo nne kuanzia Julai, na kila robo hupokea fungu lake. Aliyesaini mkataba Novemba hapati fungu la Julai hadi Septemba.

Na haya ndiyo unayokubali kwa saini yako. Mtoto hatakuwa kwenye shule ya umma kwa muda wa mkataba. Atafundishwa angalau kusoma, sarufi, hisabati, maarifa ya jamii na sayansi. Hatapokea kwa wakati huohuo ufadhili wa shule binafsi unaotolewa na mashirika ya STO (tutayafikia). Na haki ya huduma za bure chini ya sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu inawekwa kando, kana kwamba mzazi mwenyewe amezikataa.

Kuhusu mtoto anayejifunza Kiingereza, mkataba hausemi kitu, na ukimya huo una gharama. Kwenye shule ya umma ya Arizona, mtoto ambaye mtihani wa AZELLA umeonyesha hajakijua Kiingereza hupewa mafunzo maalumu, dakika 120 kwa siku kwa madarasa ya msingi na 100 kwa sekondari. Shule binafsi haina wajibu huo. Zipo zinazojitahidi, lakini nyingi humweka mtoto darasani asikilize, na mwisho wa mwaka humrudisha darasa la nyuma. Mtoto aliyefika Marekani mwaka jana kutoka kambi za Nyarugusu au Mahama anahitaji dakika hizo 120 kuliko sare nzuri. Kwa maoni yetu, mtoto ambaye bado hajavuka AZELLA asitolewe shule ya umma isipokuwa shule binafsi ionyeshe ratiba na jina la mwalimu wa Kiingereza.

Mtoto mwenye ulemavu: tathmini kwanza, saini baadaye

Hapa mpangilio wa hatua una thamani ya maelfu ya dola. Kiwango cha juu cha ESA hutolewa kwa mtoto ambaye ulemavu wake umethibitishwa kwa karatasi, na njia rahisi ya kuipata karatasi hiyo bure ni kupimwa na wilaya ya shule kabla hujaondoka.

Andika ombi la tathmini, kwa Kiswahili kama ndiyo lugha unayoiweza, weka tarehe, piga picha, peleka ofisini. Kwa kanuni za Arizona shule ina siku 15 za shule kuanza mchakato au kukueleza kwa maandishi kwa nini imekataa. Ukisaini idhini ya kupimwa, tathmini inapaswa kukamilika ndani ya siku 60 za kalenda. Mkikubaliana kwa maandishi zinaweza kuongezwa 30. Hesabu vizuri: shule inafungwa mwisho wa Mei, kwa hiyo anayeomba Aprili amekwisha kuchelewa. Omba Januari.

Matokeo yake ni ripoti ya kundi la wataalamu, inayoitwa MET, na kama mtoto anastahili, mpango wake binafsi wa elimu, IEP. Chukua nakala kamili za vyote viwili, kurasa zote, zenye saini. Shule ikifungwa mafaili huhamishwa kwa maboksi, na ofisi inayoyapokea itakuwa na ya shule tano.

Kisha ukae na swali gumu: fedha za ziada zitatosha kununua huduma ulizokuwa unapewa bure? Mtaalamu wa matamshi wa binafsi hutoza kwa saa, na mtoto anayehitaji saa mbili kwa wiki, pamoja na msaidizi wa darasani, anaweza kumaliza fungu la robo kabla ya robo kwisha. Kwa baadhi ya ulemavu hesabu inakaa vizuri. Kwa mwingine, hasa ule unaoongeza kiasi kidogo tu, haikai.

Hesabu ya mwaka mmoja

Chukua mtoto mmoja wa darasa la nne, asiye na ulemavu, ESA ya dola 7,400, na shule binafsi ya kawaida. Bei ni za mfano. Weka za kwako.

Ada ya mwaka: dola 10,200.
Uandikishaji na vitabu: 350.
Sare: 200.
Chakula cha mchana, dola 4 kwa siku 180: 720.
Mafuta ya gari. Shule iko maili 6; kwenda na kurudi asubuhi na jioni ni maili 24 kwa siku. Mara 180 ni maili 4,320. Gari linalokwenda maili 24 kwa galoni litakunywa galoni 180. Kwa dola 3.50 ni 630.

Jumla 12,100. Toa 7,400, inabaki 4,700 mfukoni mwako, yaani dola 470 kwa mwezi kwa miezi kumi. Wakiwa watoto watatu, na wengi wetu hatuishii watatu, ni 1,410 kwa mwezi, kodi ya chumba. Punguzo la ndugu lipo kwenye shule nyingi; uliza, kwa sababu halitolewi kwa asiyeuliza.

Mistari miwili ya mwisho, chakula na mafuta ya gari lako, hailipwi na ESA hata salio likiwepo. Kwenye shule za umma za kusini mwa Phoenix mtoto hula kifungua kinywa na cha mchana, mara nyingi bila malipo. Posho ya chakula ya likizo, SUN Bucks, dola 120 kwa mtoto, haipotei ikiwa familia inapata SNAP (msaada wa chakula wa serikali), maana huko mtoto huingizwa moja kwa moja. Asiye na SNAP, aliyekuwa akiipata kupitia fomu ya chakula ya shule, aulize kabla.

Tatizo jingine ni la kalenda. Shule binafsi nyingi hutaka uandikishaji Februari na sehemu ya ada kabla ya Agosti. ESA ya dola 7,400 huleta 1,850 kwa robo. Ukilipa mwenyewe kwanza ukitegemea kurudishiwa, hakikisha malipo yako yamefanyika baada ya mkataba kuanza. Risiti ya Machi haifunikwi na mkataba wa Julai. Bora zaidi, mwambie mhasibu wa shule kabla hujaandikisha: "Tunalipa kwa ESA, kwa robo." Shule inayosema haiwezi kungoja robo imekupa taarifa muhimu juu ya hali yake ya fedha. Usilipe mwaka mzima mbele hata ukipewa punguzo. Shule binafsi nazo hufungwa, wakati mwingine katikati ya muhula, na kuzifuata fedha zilizokwishaingia kwenye akaunti iliyokauka ni kazi ya bure.

Kabla ya kuiacha hesabu hii, linganisha na STO. Haya ni mashirika yanayokusanya michango ya walipa kodi, ambao hupunguziwa kodi ya jimbo kwa kiasi hichohicho, na kuigawa kama ufadhili wa shule binafsi. Lipo fungu la familia za kipato cha chini, na lipo jingine la watoto wenye ulemavu au waliowahi kuwa chini ya malezi ya serikali. Kiasi hakijulikani mapema na maombi ni ya kila mwaka, kwa shirika na wakati mwingine kwa shule. Huruhusiwi kushika STO na ESA pamoja. Kwa shule za Kikatoliki, ambako familia nyingi za Kikongo hupendelea, omba ofisi ikufanyie hesabu mbili kwenye karatasi moja: hii ukiwa na ESA, hii ukiwa na STO na msaada wa parokia.

Kuomba

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya ADE, mwaka mzima, bure. Atakayekudai dola 100 "akufungulie akaunti" anakuuzia maji ya mto, na akishika nenosiri lako ameshika pia fedha za mtoto.

Andaa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha mzazi, na uthibitisho kwamba mnaishi Arizona, kama mkataba wa pango au bili ya umeme yenye jina lako. Mlezi asiye mzazi anahitaji hati ya ulezi ya mahakama. Barua ya familia haitoshi. Kwa asiye na cheti cha kuzaliwa, uliza kwa maandishi ni hati ipi mbadala inakubaliwa kabla hujapandisha chochote.

Kinachokwamisha maombi ya watu wetu mara nyingi ni majina. Kwenye hati ya kuingilia nchini mtoto ni Furaha Bahati, shuleni Bahati Furaha, kwenye bima Furaha B. Mashine haijui kwamba ni mtoto mmoja. Tarehe nazo: kwenye hati familia nzima imeandikwa imezaliwa Januari 1, na watoto wawili wanaweza kufanana jina la mwisho na tarehe ya kuzaliwa. Chagua hati moja iwe mama wa nyingine, nenda shule ya sasa ukaombe rekodi irekebishwe ifanane nayo, ndipo uombe. Ni rahisi zaidi kurekebisha shule ikiwa bado wazi.

ADE kwa sheria ina siku 30 za kujibu ombi lililokamilika. Lililokosa karatasi huanza upya. Jibu na mkataba huja kwa barua pepe. Kwa hiyo tumia anwani ya mzazi, inayofunguliwa kila siku, isiwe ya binti anayekaribia kwenda chuo.

Usimtoe mtoto shuleni siku ya kuomba. Anaweza kuendelea kusoma kwenye shule ya umma ombi likisubiri. Mkataba ukija na umeamua, siku hiyohiyo nenda ukajaze fomu ya kumwondoa, chukua nakala yake yenye tarehe, kisha saini. Ukimwondoa mapema anakaa nyumbani bila shule, na sheria ya mahudhurio inawahusu watoto wa miaka 6 hadi 16. Ukisaini na kusahau kumwondoa, anahesabiwa pande zote mbili.

Bado kuna mtego wa kiapo cha masomo ya nyumbani. Familia inayomfundisha mtoto nyumbani bila ESA huwasilisha kiapo kwa msimamizi wa shule wa kaunti. Mtoto wa ESA, hata anayesomea mezani jikoni, kisheria si wa kundi hilo, na hatakiwi kuwa na kiapo hicho. Kama ulikiwasilisha wakati wa corona, kifute kwanza.

Kulipa, na kutunza karatasi

Malipo hupita kwenye mfumo wa mtandaoni, ambao kwa miaka hii umekuwa ClassWallet. Unaweza kumlipa mtoa huduma moja kwa moja, kununua kwenye duka lililo ndani ya mfumo, kutumia kadi, au kulipa mwenyewe na kudai urudishiwe. Kwa ada ya shule tumia ya kwanza. Shule inatuma ankara, wewe unaidhinisha, fedha hazipiti mkononi mwako na hakuna wa kukuuliza baadaye.

Kadi ndiyo yenye ajali nyingi. Mtu yuko dukani, ananunua kompyuta ya mtoto pamoja na mchele na sabuni kwenye risiti moja. Risiti hiyo imeharibika; hata kompyuta inaweza kukataliwa. Vitu vya shule viwe na risiti yake, yenye jina la muuzaji, tarehe, jina la kila kitu na bei. Piga picha palepale, maana wino wa risiti za joto hufutika ndani ya gari la Phoenix kabla ya Juni kwisha.

Vitabu vya mtaala, tuisheni, mitihani sanifu na tiba za kielimu hukubalika. Vifaa vya nyongeza ndivyo vina mzozo. Mwaka 2024 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Kris Mayes, aliitaka ADE ihakikishe kila kifaa cha nyongeza kinahusiana na mtaala ulioandikwa. Kwa hiyo kabla ya kununua seti ya maabara au ala ya muziki, uwe na ukurasa wa mtaala unaoitaja, na uuambatanishe. Mtaala si lazima uwe wa kununua, lakini lazima uwe umeandikwa: somo, darasa, vinavyofundishwa, vifaa vinavyotumika.

Mwalimu wa tuisheni lazima awe na sifa zinazotambuliwa na ADE na aonyeshe vyeti vyake. Mzazi hawezi kujilipa. Familia nne au tano zinazotaka kuajiri mwalimu mmoja na kukutana sebuleni zinaweza kufanya hivyo, lakini kila akaunti ilipe sehemu yake kwa ankara yake. Akaunti moja kulipia watoto wa jirani ni matumizi mabaya hata kama jirani atarudisha. Chama cha kupokezana hakina nafasi hapa.

Malipo madogo huweza kupita haraka na kukaguliwa baadaye. Kupita si kuidhinishwa. Barua ya kutaka maelezo inaweza kuja miezi baada ya kitu kuchakaa, na usipoijibu ndani ya muda uliotajwa akaunti husimamishwa. Weka bahasha moja kwa kila robo, na nakala kwenye simu.

Salio la mwisho wa mwaka halipotei, huhamia mwaka unaofuata mradi mkataba umehuishwa. Kuhuisha ni kila mwaka, na maelezo ya kuhuisha huja kwa barua pepe. Kitabu cha mwongozo cha wazazi hubadilika karibu kila Julai; kilichoruhusiwa mwaka jana kitazame tena.

Kurudi shule ya umma

Unaweza kurudi wakati wowote, na shule ya wilaya unayoishi lazima impokee mtoto. Lakini si kwa kumwandikisha tu Jumatatu. Andikia ADE kwamba unatoka, subiri uthibitisho wa kufungwa kwa akaunti, kisha andikisha. Usifanye ununuzi wowote baada ya kuandika. Kama ada ya robo imekwisha kulipwa na mtoto ameondoka shule binafsi katikati, ombi la kurudishwa kwa salio lielekezwe kwenye akaunti ya ESA; hundi ikija kwa jina lako, usiiweke benki.

Mwenye IEP ya zamani aipeleke siku ya kuandikisha. Wilaya italazimika kuanza kumhudumia tena, ingawa inaweza kutaka kumpima upya. Na kama wakati wote huu alisoma nyumbani, beba kazi zake za mwaka, daftari za hisabati na insha zenye tarehe, kwa sababu bila hizo atawekwa darasa kwa kukisiwa umri, na umri wenyewe ni ule wa Januari 1.